Vibwawa vya Barafu Iliyozikwa

Swali langu la kwanza nilipofika Uckermark lilihusu miti. Mashamba ya huko, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani, ni mapana mno. Trekta likiwa upande wa pili huonekana kama mdudu. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Rapa, mmea unaokamuliwa mafuta, ilikuwa imechanua, na nchi nzima ilikuwa ya njano hadi macho yanapokomea. Lakini katikati ya njano ile kulikuwa na visiwa vya miti: mierebi michache hapa, kichaka kule, bila nyumba wala njia ya kuviendea. Kwetu mti ukiachwa katikati ya shamba una sababu. Ni wa matambiko, au pana kaburi chini yake, au mwenye shamba anataka mahali pa kupumzikia. Nikamuuliza mdogo wangu, "Hii miti wameiacha ya nini?"

"Hawakuiacha miti, kaka," akajibu. "Ndani yake kuna maji. Trekta halipiti."

Mdogo wangu anasomea mambo ya udongo na maji Ujerumani, na ndiye aliyenialika nikaone kazi anayoifanya. Alinipokea stesheni ya Prenzlau, mji wenye kanisa kubwa la matofali mekundu kando ya ziwa, akanikabidhi buti za mpira, na siku nne zilizofuata tulizimaliza mashambani. Nimerudi na mambo mengi kichwani, lakini moja halinitoki: jinsi maji mawili yanavyoweza kukaa hatua mia chache tu, haya kutoka kwa yale, chini ya mvua ileile, na yasifanane kwa lolote.

Tulifuata nyayo za matairi mpaka kwenye kisiwa cha kwanza. Ukisogeza matawi unaingia kwenye baridi, kama mtu aliyefungua mlango wa ghala. Mbele yako pana kibwawa cha ukubwa wa nusu kiwanja cha mpira, kimejikalia kimya ndani ya bonde lake dogo. Wenyeji hukiita Soll. Vikiwa vingi ni Sölle. Watafiti wanakadiria kwamba kaskazini-mashariki mwa Ujerumani viko zaidi ya 150,000, vingi vikiwa na eneo lisilofika hekta moja.

Asili yake ni barafu. Zamani nchi ile ilifunikwa na bamba la barafu lililoshuka kutoka Skandinavia. Lilipoanza kurudi nyuma, yapata miaka 15,000 iliyopita, liliacha mapande makubwa yaliyokatika na kufukiwa na mchanga na mawe. Wajerumani huyaita barafu mfu. Yalikaa ardhini muda mrefu sana, yakiyeyuka polepole, na kila pande lilipokwisha ardhi iliyokuwa juu yake ilititia. Shimo likabaki, na maji yakakusanyika. Kwa hiyo kila kibwawa kina umbo la barafu iliyozikwa pale.

Barafu hiyohiyo ilileta mawe. Katika kijiji tulichofikia kuna kanisa dogo lililojengwa kwa mawe ya mashambani, mengine ya kijivu, mengine ya rangi ya waridi, kila moja likiwa la mviringo kama kichwa cha ng'ombe. Nilipitisha kiganja ukutani. Mawe yale yalitoka nchi za upande wa pili wa bahari ya Baltiki, wala hakuna mtu aliyeyavusha. Wakulima wameyaokota kwa karne nyingi, na kila majira ya baridi kali ardhi husukuma mengine juu. Yakiwa mazuri hujengewa kanisa. Yasiyofaa, kama nilivyokuja kusikia baadaye, yalipelekwa kwenye vibwawa.

Asubuhi ya pili tulitoka na ndoo, kamba, chupa na vikaratasi vya kupimia maji. Kibwawa cha kwanza kilikuwa katikati ya ngano. Ngano ilikuwa imepandwa hadi ukingoni. Ningeweza kusimama nikiwa na mguu mmoja shambani na mwingine majini. Uso wote ulikuwa kijani kibichi, umefunikwa na majani madogo kama punje za dengu, yamebanana hivi kwamba nilipotupa ndoo haikusikika ikigonga maji. Chini ya blanketi lile maji yalikuwa meusi na yananuka yai viza. Mdogo wangu akanieleza kwamba majani hayo hushiba mbolea inayoteremka na mvua, huziba mwanga, na kilicho chini hukosa hewa.

Cha pili hakikufika hatua mia nne kutoka hapo. Hiki kilikuwa chini ya mierebi mizee, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, ile iliyokolea. Niliinua chupa juani nikakumbuka nyumbani, ule mto ulioupa mji wetu mdogo wa Maji ya Chai jina lake. Rangi ya kibwawa kile ilitokana na majani ya miti yaliyoozea ndani mwaka baada ya mwaka. Hakikunuka vibaya; kilinukia msitu.

Cha tatu kilikuwa ng'ambo ya mwinuko, kwenye malisho, kimezungushiwa ukanda mpana wa nyasi ndefu na matete. Maji yake yalikuwa angavu mpaka chini. Niliona konokono wakitambaa juu ya mimea ya majini, na mdudu mwenye miguu mirefu akitembea juu ya maji kama mtu juu ya sakafu. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na siku hiyo niliielewa methali hiyo kwa macho. Kwa wale konokono, kibwawa kile ndicho dunia yao yote. Kikiharibika hawana pa kuhamia.

Kabla ya kurudi, mdogo wangu alinipitisha tena kwenye kile cha kwanza, upande ambao sikuwa nimeuona. Kwenye majani palitokeza mdomo wa bomba la udongo wa kuchoma, upana wake kama kikombe, likitiririsha maji kibwawani. Maji hayo yalikuwa meupe, baridi, yanayong'aa. Kama ningekuwa peke yangu ningekinga viganja nikanywa.

"Pima," akaniambia.

Nilichovya kikaratasi kwanza kwenye maji meusi yanayonuka. Kilibadilika kidogo sana. Nikachovya kingine kwenye maji ya bomba. Kikawa cha waridi, kikakolea, kikaelekea zambarau, kikapita alama ya miligramu 50 za naitreti kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha maji ya kunywa Ulaya. Nikadhani nimechanganya vikaratasi. Nikarudia, na jibu likawa lilelile.

Naitreti ni chumvi ya naitrojeni, sehemu ya mbolea ambayo mmea huipenda kuliko zote, na kama mmea hauiwahi, huondoka na maji. Haina rangi, haina harufu. Bomba lile liliwekwa ardhini ili likaushe shamba, na pamoja na maji huchukua mbolea iliyobaki. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, vijidudu vya humo huivunja ili vijipatie oksijeni yake, na naitrojeni huenda zake angani. Ndiyo maana maji yanayonuka yalikuwa na naitreti kidogo. Hilo halikuyafanya kuwa mazima: fosforasi inabaki imelala kwenye tope, majani yanaendelea kuila, na chini hapaishi samaki wala konokono. Lakini nilikuwa nimeyahukumu kwa pua na yale mengine kwa macho, na katika yote mawili nilijua nusu tu ya habari.

Mdogo wangu alicheka alipoona uso wangu. Akicheka meno yake huonekana, nami nikashikwa na fikra ambayo haikuniacha siku zote zilizobaki.

Sisi ni watoto wa tumbo moja, wa mteremko wa Mlima Meru. Mimi nililelewa kwa bibi na nilikunywa maji ya mfereji uliopita nyuma ya nyumba yake. Yeye alizaliwa wakati wazazi wamehamia ng'ambo ya kilima, wanateka kwenye chemchemi nyingine. Meno yake ni meupe. Yangu yana mabaka ya kahawia, kama ya wengi niliosoma nao. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia majini. Mtoto akiinywa kwa wingi wakati meno yanajengeka hupata alama ya maisha, na ikizidi sana hupinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya upande wetu huvuka hapo. Mfereji wa bibi ulikuwa mweupe kama maji ya bomba lile la Uckermark. Bibi aliusifu kwa wageni.

Na si mifereji tu. Wanaofika Hifadhi ya Arusha hushangaa maziwa ya Momela: yamepakana, yanalishwa na maji ya chini ya ardhi, lakini kila moja lina madini yake, na kwa sababu hiyo mimea yake midogo na rangi yake. Nilikua naliona hilo bila kulifikiri. Ilibidi nivuke bahari nikaone vibwawa vya watu wengine ndipo nijiulize kwa nini.

Nilimuuliza mdogo wangu. Jibu lake lilikuwa refu, nikalikumbuka hivi. Vibwawa hivi ni watoto wa barafu moja, lakini kila kimoja kina malezi yake. Kimoja kiko chini ya mteremko mkali na udongo hukimbilia humo kila mvua kubwa. Kingine kiko juu, hakipokei kitu ila mvua. Vingine huyatoa maji yao taratibu kwenda chini ya ardhi. Vingine huyapokea kutoka huko, yakiwa yamekwisha kukusanya chumvi za udongo njiani. Kuna chenye miti na kisicho nayo, kinachokauka kila kiangazi na kisichokauka, kilichounganishwa na bomba na kilichoachwa. Alinieleza pia kwamba katika mbuga za Dakota Kaskazini, Marekani, vibwawa vya asili hiyohiyo vimewekewa vituo vya kuvichunguza kwa miongo mingi, na huko jirani wawili wanaweza kuwa mmoja maji baridi kama ya mvua na mwenzake maji ya chumvi.

"Kwa hiyo ukipima kimoja hujapima kingine," nikasema.

"Hujapima hata chenyewe," akajibu. "Umekipima leo."

Kibwawa cha malisho, kile cha konokono, ni cha mzee mmoja aliyetukaribisha mezani siku ya tatu. Ana miaka sabini na ushei, mikono yake bado ya dereva wa trekta. Mkewe alituandalia chakula cha mkoa wao: viazi vilivyochemshwa na maganda yake, maziwa mgando mazito yaliyotiwa vitunguu, na juu yake mafuta ya mbegu za kitani, ya rangi ya dhahabu na uchungu kidogo. Unamenya kiazi mwenyewe, kinaunguza vidole, unakichovya. Nilikumbuka loshoro ya kwetu, mahindi na ndizi na mtindi, chakula cha watu wenye ng'ombe na shamba dogo. Nilimwambia mama yule hivyo, mdogo wangu akatafsiri, naye akaniongezea maziwa bila kuuliza.

Mzee aliposikia natoka Tanzania alitamka neno moja: "Sansibar." Alikumbuka habari za ujana wake, mafundi wa Ujerumani Mashariki waliokwenda kujenga majumba ya Michenzani. Nilimwambia majumba yale yapo na watu wanaishi humo. Kikaingia kicheko, na kutoka hapo mazungumzo yakafunguka.

Alitusimulia kwamba ardhi ile ilikuwa ya mabwana wakubwa. Mwaka 1945 mashamba yaliyozidi hekta 100 yalitwaliwa na kugawiwa, baba yake akapata kipande. Mwaka 1960 vipande vikakusanywa tena katika ushirika. Nilimsikiliza nikiwaza vijiji vyetu vya Ujamaa na mashamba yake ya pamoja. Maneno mengine aliyoyatumia ningeweza kuyasikia kwa wazee wa kwetu. Ushirika ulihitaji mashamba marefu kwa mashine kubwa, na vibwawa vikawa kikwazo. Mabomba yakafukiwa ili kukausha. Mawe yakamwagwa ndani ya vibwawa, na baada ya mawe, chochote kilichokosa pa kwenda.

"Niliendesha trela mwenyewe," alisema. "Tulidhani tunaongeza mkate. Na kweli tuliongeza mkate."

Hakuomba radhi wala hakujitetea. Nilimheshimu kwa sentensi zote mbili. Leo sheria za uhifadhi zinavilinda vibwawa hivyo, naye amekwisha kutoa mawe na vyuma kwenye chake, akaacha ukanda wa nyasi wa hatua ishirini kukizunguka. Lakini shida haikuondoka na ushirika. Mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Ujerumani haikufanya vya kutosha kulinda maji yake dhidi ya naitreti. Kanuni za mbolea zikakazwa mwaka 2020, na hata kabla ya hapo, mwaka 2019, wakulima walikuwa wamekwisha kujaa Berlin na matrekta yao wakilalamika. Mzee anawaelewa. Alisema kanuni huandikwa kwa nchi nzima, na kibwawa hakijui nchi nzima. Kinajua mteremko wake na mtu anayelima mteremko ule.

Baada ya chakula alitupeleka juu ya kilima kutuonesha. Vilele vya mashamba vilikuwa vimepauka, vya rangi ya mchanga mkavu, na mabonde yalikuwa meusi. Udongo mzuri umeteremka, kwa jembe na kwa mvua, kizazi baada ya kizazi, na safari yake huishia majini. Upande mmoja palikuwa na shamba lililotayarishwa kwa mahindi. Nilifurahi kusikia neno hilo, mpaka nilipoelewa kwamba hayaliwi na yeyote. Hukatwa mabichi, huchachushwa, hutoa gesi, na gesi huzalisha umeme. Nilinyamaza. Mimi ni mtoto wa ugali. Nimeona mama akiokota punje zilizodondoka ghalani moja moja. Mzee aliniangalia akasema kwamba hata yeye hakulizoea mapema. Mahindi, akaongeza, huchelewa kufunika ardhi, na mvua za Mei na Juni huikuta uchi.

Mvua yenyewe si nyingi. Uckermark hupata takriban milimita 500 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekitambua. Katika ukame wa 2018 na miaka miwili iliyofuata vibwawa vingi vilikauka mpaka tope likapasuka. Kukauka si msiba kila mara. Kibwawa kinachokauka hakina samaki, na bila samaki mayai ya vyura husalimika. Lakini maji yakipungua kilichomo hukolea, na tope likipigwa na hewa huachia chakula lilichokihifadhi, kikisubiri maji yarudi.

Jioni ya mwisho tulirudi kwenye kibwawa cha mzee. Jua lilikuwa limezama lakini bado kulikuwa na mwanga. Ikaanza sauti moja chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu, uu, uu, kisha ya pili, kisha kibwawa chote. Ni chura mdogo ambaye mgongo wake ni wa rangi ya matope na tumbo lake ni jeusi lenye madoa mekundu. Anataka maji ya kina kifupi, yanayopata jua, yasiyo na samaki. Mdogo wangu alinishika mkono tukasikiliza. Kutoka upande wa ngano, kwenye kile kibwawa cha kijani, hapakutoka sauti.

Kijijini, juu ya nguzo, palikuwa na kiota cha korongo mweupe. Ndege huyu huzalia huko na msimu wa baridi huja Afrika. Wengine hufika hadi kwetu, na palipo na viwavijeshi huonekana mashambani wakiwaokota kwa utulivu. Nilimtazama akipanga mbawa zake. Anakula vyura wa kule na viwavi wa huku. Sumu ya bwawa la mtu mmoja inaweza kumfikia, na ya shamba langu pia.

Nimerudi nyumbani Ngare Nanyuki wakati wa nyanya. Baba mdogo amelima hadi ukingoni mwa mfereji, kama wote. Nilimkuta akisuuza pampu ya dawa kwenye maji. Nilimwamkia, nikasubiri amalize, kisha nikamwomba tupime umbali kutoka mche wa kwanza hadi majini. Zilikuwa hatua mbili. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Anaijua, na anajua pia kwamba shamba lake lote halina upana huo.

"Maji yanaondoka, mwanangu," aliniambia.

"Yanakwenda kwa nani, baba?"

Alitazama chini, mfereji unakopinda kuelekea kwa wale ambao watoto wao husoma na wajukuu wake. Hakunijibu. Siku mbili baadaye nilimwona ameteka ndoo, anasuuzia pampu juu kwenye majani, mbali na maji. Nyanya bado ziko palepale. Ukanda wa nyasi bado haupo, na sijui kama shamba lile linaweza kuumudu.

Kwenye dirisha langu ninapoandika haya kuna chupa tatu nilizozijaza jana ili kuzipeleka kupimwa. Zote ni nyeupe; ukizipanga huwezi kuzitofautisha. Nimezibandika karatasi ili zisichanganyike: ya mfereji wa bibi, ya chemchemi ya mdogo wangu, na ya baba mdogo.